Misemo ya Kijerumani ya Kutolea Taarifa ya Maendeleo ya Mradi

Taarifa ya maendeleo ya mradi ni waraka mfupi, lakini uamuzi mkubwa huutegemea. Kwa kuisoma, mfadhili huamua kuachia au kuzuia fedha za awamu inayofuata, kuongeza muda au kuukatisha mradi, na kutuma au kutotuma mkaguzi. Pale ambapo taarifa hiyo inatakiwa kwa Kijerumani, neno moja lililokosewa linaweza kugeuza ucheleweshaji wa siku kumi kuwa uvunjaji wa mkataba, au kiasi cha fedha kuwa kikubwa mara elfu moja.

Makala haya yanaeleza misemo ya msingi ambayo Mjerumani hutarajia kuikuta katika taarifa ya aina hiyo, maana yake kwa Kiswahili, na mahali ambapo mzungumzaji wa Kiswahili huweza kuteleza.

Nani anahitaji misemo hii

Mashirika makubwa ya Ujerumani yanayofanya kazi nchini, likiwemo Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa (GIZ) na Benki ya Maendeleo (KfW), kwa kawaida hupokea taarifa kwa Kiingereza. Hata hivyo, yapo mazingira ambayo Kijerumani hakikwepeki.

La kwanza ni ushirikiano wa miji. Mwanza na Würzburg zimekuwa na uhusiano tangu mwaka 1966, Dar es Salaam na Hamburg tangu mwaka 2010, na Moshi na Tübingen tangu mwaka 2014. Uhusiano wa namna hii, pamoja na ule wa parokia, shule na hospitali, kwa upande wa Ujerumani hubebwa kwa sehemu kubwa na wanachama wa kujitolea. Hao nao hutakiwa kutoa hesabu kwa Kijerumani mbele ya halmashauri zao na wachangiaji wao. Taarifa inayowafikia ikiwa tayari katika lugha hiyo huwapunguzia kazi ya kutafsiri na hatari ya kupotosha.

La pili ni vijana wanaokwenda Ujerumani kwa mafunzo ya ufundi. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya nchi hiyo, mwanafunzi hutunza daftari la kumbukumbu za mafunzo, *Berichtsheft*, analoandika kazi alizofanya. Asipolitunza na kuliwasilisha, hakubaliwi kufanya mtihani wa mwisho. Kwa kijana huyo, kueleza kwa ufupi kazi iliyokamilika na iliyobaki ni sharti la kupata cheti. Suala hili linawagusa pia wananchi wa nchi jirani ya Kenya, ambayo ilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi na Ujerumani mjini Berlin mwezi Septemba 2024.

La tatu ni wahandisi, mafundi na wataalamu wa kompyuta walioajiriwa na kampuni za Kijerumani, ambao katika vikao vya kila wiki huulizwa swali lilelile: *Wie ist der Stand?* Yaani, kazi imefikia wapi?

Muundo wa taarifa

Taarifa ya hali ya mradi huitwa *Sachstandsbericht*. Ile ya katikati ya kipindi ni *Zwischenbericht*, na ile ya mwisho ni *Abschlussbericht*. Fedha zikiwa ni ruzuku ya umma, mwishoni hutakiwa *Verwendungsnachweis*, yaani uthibitisho wa matumizi. Huu una sehemu mbili: maelezo ya kazi, *Sachbericht*, na hesabu kwa tarakimu, *zahlenmäßiger Nachweis*. Sehemu ya kwanza ikisema tangi limekamilika na ya pili ikaonesha saruji haijalipiwa yote, hoja ya ukaguzi imeshazaliwa.

Taarifa huanza na neno *Stand* likifuatiwa na tarehe, kwa mfano *Stand: 15. Mai 2026*. Maana yake ni kwamba yote yanayofuata ni ya kweli hadi siku hiyo. Neno hili dogo humlinda mwandishi, kwa kuwa jambo likibadilika siku ya pili, taarifa yake haiwi ya uongo. Baada ya hapo hufuata mambo matano kwa mpangilio: kilichofanyika, kinachoendelea, kilichokwama, fedha, na hatua zinazofuata, *Nächste Schritte*. Salamu ndefu na historia ya mradi hazina nafasi. Mjerumani asiyekuta hali halisi katika mistari ya mwanzo anaweza kudhani kwamba kuna jambo linafichwa.

Kueleza kazi iliyofanyika na inayoendelea

Misemo ifuatayo inatosha kwa sehemu kubwa ya taarifa:

- *Die Arbeiten haben am 4. Mai begonnen.* Kazi zilianza tarehe 4 Mei.
- *Die Arbeiten laufen planmäßig.* Kazi zinaendelea kama zilivyopangwa.
- *Wir liegen im Zeitplan.* Tupo ndani ya ratiba.
- *Die Bohrung ist abgeschlossen.* Uchimbaji wa kisima umekamilika.
- *Der Tank ist zu 60 Prozent fertiggestellt.* Ujenzi wa tangi umefikia asilimia 60.
- *Die Hälfte der Rohre ist verlegt.* Nusu ya mabomba imelazwa.
- *Als Nächstes bauen wir die Pumpe ein.* Hatua inayofuata ni kufunga pampu.

Jambo la kuzingatia hapa ni tofauti kati ya *ist* na *wird*. *Die Bohrung ist abgeschlossen* maana yake kisima kimeshachimbwa. *Die Bohrung wird abgeschlossen* maana yake uchimbaji unakamilishwa au utakamilishwa. Kiswahili hutenganisha hali hizi kwa viambishi *-me-*, *-na-* na *-ta-* ndani ya kitenzi, kwa hiyo sikio huzoea kuzitambua mara moja. Kijerumani huziweka katika kitenzi kisaidizi kifupi ambacho mwanagenzi hukipita haraka. Mfadhili aliyeandikiwa *ist* atatarajia kuona kisima kilichokamilika siku atakapofika.

Jambo la pili ni kwamba uzito wa sentensi ya Kijerumani mara nyingi huwa mwishoni. *Die Firma hat die Rohre bis Freitag nicht geliefert* ina maana kwamba kampuni haikuleta mabomba hadi Ijumaa. Ukanushi unatokea karibu na mwisho kabisa, ilhali katika Kiswahili *haikuleta* hutangulia na kumtahadharisha msikilizaji mapema. Kadhalika, vitenzi kama *einbauen*, kufunga kifaa, hukatika vipande viwili na kipande kimoja kikasukumwa mwisho, kama katika *bauen wir die Pumpe ein*. Anayesikiliza kikao kwa njia ya simu hana budi kusubiri sentensi iishe kabla ya kuandika kumbukumbu.

Katika *Berichtsheft* sentensi kamili hazihitajiki. Huandikwa kwa mkato: *Rohre verlegt*, mabomba yamelazwa, *Pumpe gewartet*, pampu imefanyiwa matengenezo, *Werkzeug gereinigt*, vifaa vimesafishwa.

Kueleza kuchelewa bila kujitia hatiani

Hii ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa. Kijerumani kina maneno mawili yanayotafsiriwa kwa wepesi kuwa kuchelewa, lakini uzito wake si mmoja.

*Verzögerung* ni kuchelewa kwa jumla, bila kutaja wa kulaumiwa. *Verzug*, ijapokuwa hutumika pia katika mazungumzo ya kawaida, ni neno la kisheria. Katika kifungu cha 286 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, *Verzug* ni hali ya mtu anayewiwa wajibu ambaye muda wake umepita, ama baada ya kukumbushwa au kwa kuwa tarehe ilikwishapangwa, na sababu ya kuchelewa ni jambo analowajibika nalo yeye mwenyewe. Matokeo yake yanaweza kuwa fidia, na riba pale ambapo kinachodaiwa ni fedha. Kwa hiyo anayeandika *Wir sind in Verzug* kwa sababu mvua imekata barabara anaweza kusomeka kama aliyekiri kosa lisilo lake. Mikataba mingi ya ujenzi nchini hutawaliwa na sheria za Tanzania, lakini msomaji aliyezoea sheria za kwao atalipima neno kwa mizani ya kwao.

Misemo salama ni hii:

- *Die Lieferung verzögert sich um zehn Tage.* Ufikishaji wa mzigo umechelewa kwa siku kumi.
- *Wir liegen zwei Wochen hinter dem Zeitplan.* Tupo nyuma ya ratiba kwa wiki mbili.
- *Wegen der starken Regenfälle ruhten die Arbeiten vom 6. bis 17. April.* Kutokana na mvua kubwa, kazi zilisimama kuanzia tarehe 6 hadi 17 Aprili.
- *Grund dafür ist die beschädigte Zufahrtsstraße.* Sababu yake ni kuharibika kwa barabara inayofika eneo la mradi.
- *Wir bitten um eine Fristverlängerung bis zum 30. Juni.* Tunaomba kuongezewa muda hadi tarehe 30 Juni.

Mpangilio wake haubadiliki: kiasi cha ucheleweshaji, sababu, kisha ombi lenye tarehe. Katika adabu za Waswahili habari mbaya hutanguliwa na maneno ya kupoza, na kusema *kazi inaendelea vizuri isipokuwa changamoto ndogo ndogo* ni ustaarabu. Msomaji wa Kijerumani akiambiwa *kleine Herausforderungen* bila idadi ya siku wala sababu atabaki hajui kama tatizo ni la wiki au la mwaka. Kutaja tarakimu mapema huonekana kuwa uaminifu, na anayeomba muda kabla ya tarehe ya mwisho husikilizwa kuliko anayeomba baada ya tarehe hiyo.

Inapokuwa tarehe haina uhakika, neno la kutumia ni *voraussichtlich*, yaani kwa matarajio yaliyopo. *Die Pumpe wird voraussichtlich im Juni eingebaut* ni makadirio yenye msingi. Likiondolewa neno hilo, sentensi husomeka kama ahadi.

Kukamilika si kupokelewa

Neno *fertig*, tayari, hutumiwa na fundi. Linalogusa mkataba ni *Abnahme*, yaani kupokelewa rasmi kwa kazi na aliyeiagiza. Kwa mujibu wa Sheria hiyo ya Kiraia, kuanzia kifungu cha 640, ni *Abnahme* inayofanya malipo ya kazi yaweze kudaiwa na kuhamisha hatari ya uharibifu kutoka kwa mkandarasi kwenda kwa mwenye kazi. Muda wa kudai marekebisho ya kasoro nao huanza kuhesabiwa hapo, na kwa majengo muda huo ni miaka 5.

Kwa sababu hiyo, *Das Gebäude ist fertig* na *Das Gebäude ist abgenommen* ni taarifa mbili tofauti. Ya kwanza inasema jengo limekwisha. Ya pili inasema jengo limekaguliwa na kupokelewa. Kamati ya kijiji ikiandika ya pili wakati nyufa hazijazibwa, inakuwa imetamka kwamba upokeaji umefanyika. Iwapo kasoro zipo, sentensi inayofaa ni *Bei der Begehung wurden folgende Mängel festgestellt*: wakati wa ukaguzi wa eneo zilibainika kasoro zifuatazo.

Fedha na tarakimu

Makosa ya fedha ndiyo yanayoonekana madogo na kuumiza zaidi. Yapo manne.

Kosa la kwanza ni la bilioni. Kiswahili hutumia bilioni kwa maana ya milioni elfu moja. Kijerumani huita kiasi hicho *Milliarde*, na neno *Billion* katika lugha hiyo lina maana ya trilioni. Mradi wa Shilingi bilioni 4 ni *4 Milliarden Schilling*. Ukiandikwa *4 Billionen*, umekuzwa mara elfu moja.

Kosa la pili ni la nukta na mkato. Wajerumani hutenganisha maelfu kwa nukta na senti kwa mkato, hivyo *12.500,75 Euro* ni euro elfu kumi na mbili na mia tano na senti 75. Anayeandika 12,500 kwa mazoea ya huku anaweza kusomeka kuwa ameandika euro 12 na nusu.

Kosa la tatu ni la mpangilio wa namba zinapotamkwa. *Fünfundvierzig*, neno kwa neno, ni tano na arobaini, yaani 45. Anayeandika anachokisikia kwa mfuatano huishia kuandika 54. Kwenye simu Wajerumani wengi husema *zwo* badala ya *zwei*, mbili, ili isichanganywe na *drei*, tatu. Namba yoyote ya fedha iliyosikika kwa simu inapaswa kuthibitishwa kwa maandishi.

Kosa la nne ni la vihusishi *um* na *auf*. *Die Kosten sind um 20.000 Euro gestiegen* maana yake gharama zimeongezeka kwa euro 20,000. *Die Kosten sind auf 20.000 Euro gestiegen* maana yake gharama zimepanda na kufikia euro 20,000.

Misemo ya kawaida ya fedha ni pamoja na *Bisher wurden 48.000 Euro ausgegeben*, hadi sasa zimetumika euro 48,000; *Es verbleiben 12.000 Euro*, bakaa ni euro 12,000. *Wir liegen im Budget*, tupo ndani ya bajeti. Na *Das Budget wurde um 4 Prozent überschritten*, bajeti imezidishwa kwa asilimia 4.

Tarehe, wiki na saa

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, wakati bajeti ya Serikali ya Ujerumani hufuata mwaka wa kalenda. Kwa hiyo *im ersten Quartal* kwa Mjerumani ni Januari hadi Machi, na robo ya kwanza kwa ofisa wa halmashauri ni Julai hadi Septemba. Suluhisho ni kutaja miezi yenyewe.

Kampuni za Kijerumani hupenda kupanga kazi kwa namba ya wiki, *Kalenderwoche*, kwa kifupi *KW*. Wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Kwa hesabu hiyo, *KW 23* ya mwaka 2026 ni tarehe 1 hadi 7 Juni.

Saa nazo zina mtego wake. *Halb drei* si saa tatu na nusu wala si nusu baada ya tatu ya Kizungu. Ni nusu ya kuelekea tatu, yaani 14.30 kwa saa ya Ulaya, ambayo Mswahili huiita saa nane na nusu mchana. Anayepanga kikao na kuchanganya mifumo hii anaweza kuchelewa kwa saa nzima. Kuandika *14.30 Uhr* huondoa utata, mradi pande zote zikubaliane ni saa ya Dar es Salaam au ya Berlin.

Mfano wa taarifa fupi

Taarifa ifuatayo ni ya mfano tu, kwa mradi mdogo wa maji:

*Stand: 15. Mai 2026. Die Bohrung ist abgeschlossen. Der Tank ist zu 60 Prozent fertiggestellt. Die Lieferung der Pumpe verzögert sich um zehn Tage. Grund dafür ist die durch Regen beschädigte Zufahrtsstraße. Bisher wurden 48.000 von 60.000 Euro ausgegeben. Wir liegen im Budget. Die Pumpe wird voraussichtlich in KW 23 eingebaut. Wir bitten um eine Fristverlängerung bis zum 30. Juni.*

Kwa Kiswahili: Hali hadi tarehe 15 Mei 2026. Uchimbaji wa kisima umekamilika. Ujenzi wa tangi umefikia asilimia 60. Kufika kwa pampu kumechelewa kwa siku kumi kutokana na barabara ya kufikia mradi kuharibiwa na mvua. Hadi sasa zimetumika euro 48,000 kati ya 60,000. Mradi upo ndani ya bajeti. Pampu inatarajiwa kufungwa katika wiki ya tarehe 1 hadi 7 Juni. Inaombwa nyongeza ya muda hadi tarehe 30 Juni.

Sentensi nane zimemweleza mfadhili kila anachohitaji ili aamue. Barua inayoiambatanisha hufunguliwa kwa *Sehr geehrte Frau* au *Sehr geehrter Herr* pamoja na jina la ukoo, na kufungwa kwa *Mit freundlichen Grüßen*. Kiwakilishi cha heshima *Sie* hutumika hadi mwenyeji mwenyewe apendekeze *du*.

Namna ya kujifunza

Ujuzi wa lugha hupimwa kwa ngazi sita za Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Misemo ya kazi iliyofanyika huweza kutumiwa na mwenye A2. Kueleza sababu za kuchelewa na kuomba muda huhitaji B1, na kujibu maswali ya mkaguzi kikaoni huhitaji B2. Mtihani wa B1 wa Taasisi ya Goethe, ambayo ina kituo Dar es Salaam, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu hutahiniwa peke yake, na alama ya kufaulu ni 60 kati ya 100. Kwa asiyeweza kuhudhuria darasa, Deutsche Welle, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1963, hutoa bure kwenye mtandao kozi ya *Nicos Weg* kwa ngazi za A1 hadi B1.

Njia yenye tija kwa mtumishi mwenye kazi nyingi ni kuchukua taarifa yake ya mwezi ya Kiswahili, kuipunguza hadi sentensi nane, na kuiandika kwa misemo iliyotajwa hapo juu. Kila mwezi zitabadilika tarakimu, tarehe na nomino, na viunzi vya sentensi vitabaki vilevile. Kabla ya kutuma, yakaguliwe mambo manne: *ist* au *wird*, *um* au *auf*, *Milliarde* au *Billion*, *Verzögerung* au *Verzug*. Programu za kutafsiri husaidia kuandaa rasimu, lakini mwenye kujua iwapo pampu imefungwa au inafungwa ni mwandishi mwenyewe. Na pale mkataba unapotaja lugha rasmi ya mawasiliano, nakala ya lugha hiyo ndiyo inayotangulia, na ya Kijerumani huambatanishwa kama tafsiri.